Jina Langu Juu ya Nguzo

Kila ninapoanza kusimulia haya watu hucheka kabla sijafika kwenye nguzo, na mimi nikishaona meno ya watu hunyamaza, basi hadithi yenyewe haijawahi kufika mwisho. Ndiyo maana naiandika hapa daftarini, ambako hakuna wa kunikatiza, na nitaiandika yote, hata ile sehemu ya langoni ambayo haichekeshi. Nimeaibika mara nyingi maishani (niliwahi kuiamkia shikamoo sanamu ya dukani iliyovishwa buibui, tena nikasimama kungoja iitikie), lakini hakuna aibu iliyonifikisha hapa, na yote yalianza kwa kutikisa kichwa. Mara moja tu.

Mimi ni mtu wa haya. Kidato cha nne nimemaliza mwaka jana, na katika miaka yote minne nadhani niliinua mkono darasani mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kuomba ruhusa nikatapike. Kwetu Mambrui sifa hiyo ilipendwa. "Asya hana neno," watu walimwambia mama, naye akafurahi, kwa hiyo matokeo yalipotoka mama akaamua nikasomee ushonaji kule chuoni Malindi, kazi ya kuinamisha kichwa, isiyotaka maneno mengi. Cherehani ya marehemu bibi ipo chumbani tangu zamani, imefunikwa leso, ikinisubiri mimi.

Siku ya kwanza ofisini niliambiwa, "Ushonaji ni mlango wa tatu, mkono wa kushoto." Sikuelewa kama mlango wa stoo nao unahesabiwa, na kurudi kuuliza sikuweza (karani alishainamia karatasi zake, nikaona nitamsumbua), basi nikaruka stoo nikaingia wa nne. Ndani walikuwa wavulana watupu. Wala sikushtuka, maana mafundi nguo wengi Malindi mjini ni wanaume. Nikaketi nyuma kabisa.

Mwalimu alikuwa mzee wa bara, Mwalimu Mutiso, mvi kichwa kizima na miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Akaanza kuita majina. Akafika kwa "Riziki Charo." Kimya. Akaita tena, kisha akashusha miwani akanitazama mimi.

"Riziki Charo! Msichana hapa ni mmoja, na ni wewe. Kwani hujui jina yako?"

Darasa zima likageuka. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, la maneno mawili, "Siye mimi," lakini yule mzee alimzidi baba yangu kwa miaka mingi, na mimi nimelelewa kwamba mtu wa umri ule akikwambia jambo, humkatalii usoni mbele za watu. Masikio yakanivuma. Nikatikisa kichwa, kwamba ndiyo.

"Sema basi."

"Nipo," nikasema. Sauti yenyewe ilitoka kama ya paka aliyefungiwa kabatini.

Nilikuwa na nia ya kumfuata baada ya kipindi nimweleze taratibu, wallahi nilikuwa nayo. Lakini kipindi kilipokwisha alitoka anaongea na simu, na kesho yake akanipa ovaroli na koleo, na kwenye ovaroli ameandika RIZIKI kwa kalamu nzito isiyofutika. Hapo ndipo nilipoinua kichwa nikatazama ubao nikaona nyaya, swichi na balbu, nikajua kwamba nimeingia darasa la umeme.

Nitaje tu kwamba mimi umeme nauogopa. Nyumbani pasi huchomekwa na ndugu yangu mdogo, mimi nimesimama mlangoni. Sasa kila asubuhi nikawa nakaa mbele ya nyaya, mikono baridi, na jirani yangu wa benchi, Karisa, mvulana wa Ganda mwenye mdomo usiopumzika, akanipa jina la tatu: Mama Stima.

"Mama Stima, hiyo waya haina moto, mbona waishika kama nyoka?"

"Naishika tu."

"Waishika kwa leso!"

Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni Riziki Charo mwenyewe anaingia. Usiku nilikuwa nalala vizuri (uongo, silali), mchana sili. Na kila jioni mama ananipokea na swali lile lile.

"Leo mwashona nini?"

"Kola, mama."

"Mashallah. Na jana?"

"Jana pia kola."

Akawapigia simu mashangazi wote kuwaeleza habari za kola. Wiki ya pili akaniwekea kitambaa mapajani, cha zambarau na maua ya dhahabu, sare ya harusi ya binamu yangu huko Takaungu. Wanawake wote wa ukoo wangevaa kitambaa hicho, kila mtu na mshono wake. "Mimi sitaki fundi," mama akasema. "Fundi ninaye ndani." Nilikishika kile kitambaa kama nimekabidhiwa mtoto wa watu na sijui kumlisha.

Jumapili mama alipokwenda hitimani nikakitandaza sakafuni, nikalaza dera lake la zamani juu yake, nikasoma bismillahi, nikakata. Kiwiliwili nikakikata, sikujua kwamba kuna nafasi ya kuachia mshono. Mikono nikaikata mmoja baada ya mwingine, na nilipoijaribu mwilini nikaona kwamba yote miwili ni ya kushoto. Nikaigeuza huku na huku. Kitambaa kina upande wa mbele na wa nyuma, basi mkono mmoja ukikaa sawa mwingine unaonyesha matumbo yake. Nikaikunja yote nikaificha ndani ya begi la chuo, nikatembea nayo kila siku kama mtu aliyebeba maiti.

"Imefika wapi?" mama akauliza.

"Imebaki mikono," nikasema, na huo ndio ukweli pekee niliomwambia wiki ile.

Sasa niandike ya langoni.

Jumanne ya wiki ya tatu, natoka saa nane, nikamkuta msichana amekaa nje ya lango juu ya begi lake, makamo yangu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Akanisimamisha kwa adabu.

"Dada, samahani, wewe wasoma hapa?"

"Ndiyo."

"Hebu niulizie ndani. Nilikuwa msibani, bibi yangu alifariki, nimechelewa kuripoti. Sasa ofisini wanasema Riziki Charo yuko darasani tangu siku ya kwanza, kwamba mimi nimekuja kwa jina la mtu. Na hilo jina ni langu, dada, nimezaliwa nalo. Nimetoka Ganze."

Ovaroli yangu ilikuwa mkononi, imekunjwa, jina limeingia ndani. Nikaikumbatia zaidi. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa, na kilichotoka ni, "Nitakuulizia."

"Mungu akubariki," akaniambia.

Nikaenda zangu. Nilitembea mpaka kona ya msikiti bila kugeuka. Tangu siku hiyo hofu yangu ikabadilika. Mwanzo niliogopa kushikwa. Sasa nikawa namwogopa huyo msichana wa langoni, ambaye jina lake nimelivaa mimi.

Alhamisi ikawa siku ya wazazi. Kila darasa lilitakiwa kuonyesha kazi yake uwanjani, na Mwalimu Mutiso alikuwa amechimbia nguzo ya mti kama zile za barabarani, ndefu kupita paa la madarasa. Mtu anapanda kwa viatu vya chuma vyenye meno, mkanda umemzunguka yeye na nguzo, akifika juu anafunga waya, balbu inawaka. Nilidhani atapanda Karisa. Mwalimu akasema, "Apande Riziki. Wazazi waone wasichana nao wanaweza."

Ilikuwa saa ya kusema. Wageni wamejaa viti, mkuu wa chuo amekaa katikati. Nikatikisa kichwa tena.

Wakanivisha ovaroli juu ya gauni, kofia ngumu juu ya mtandio, mkanda kiunoni. Nilipanda nimefumba macho. Mguu, mkanda, mguu, mkanda, na chini Karisa anapiga kelele, "Mama Stima, fungua macho, nguzo haikuumi!" Nilipofika juu nikayafungua, na hapo nikaona chuo chote, na ng'ambo ya paa la ushonaji nikamwona mama.

Mama sikumwalika. (Shangazi ana jirani ambaye mtoto wake anasoma upishi pale, habari zikapita huko.) Alikuwa amevaa buibui lake jipya, mkobani ana chupa ya chai, na alikuwa anatoka darasa la ushonaji anatembea upesi, anaangalia kila uso. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alijitambulisha, "Mimi mamake Asya Athman," na mwalimu wa ushonaji akafungua daftari akamwambia, "Huyo, mama, hatujawahi kumwona hata siku moja." Kitu gani kinampita mama akilini akisikia hivyo, wiki tatu binti anaaga asubuhi kwenda chuoni, na mji wenyewe ndio huu, na pwani ya watalii yote ile. Nilimwona anamshika mkono mlinzi. Nilimwona anamshika mtu mwingine.

Mwalimu Mutiso akapaza sauti. "Riziki Charo! Funga waya!"

Na chini, karibu na viti, sauti ya msichana ikasema, "Mimi ndiye Riziki Charo."

Alikuwa amesimama na babake, mzee aliyevua kofia akaikamata kifuani kwa mikono miwili. Mwalimu akamtazama yeye, akanitazama mimi, miwani ikarudi kwenye paji la uso.

"Wewe wa chini ni Riziki?"

"Ndiyo, mwalimu. Kitambulisho hiki hapa."

"Na wewe wa huko juu ni nani?"

Nikataka kushuka nijibu chini, kwa sauti ndogo, sikioni mwake. Miguu ikakataa. Yale meno ya chuma yalikuwa yameng'ata mti na mimi nimeng'ata mti, mkanda unanikata kiuno, nguzo nzima inatetemeka na si upepo. Wakati huo huo mama amefika mwisho wa viti, anamuuliza mama mmoja kama amemwona msichana mwembamba, mtandio wa samawati, una alama ya pasi pembeni, na sauti yake si ya mama ninayemjua. Nadhani ni hiyo sauti. Sikupata ushujaa wowote, niliona tu kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi mama ataanguka.

"MIMI NI ASYA ATHMAN!" nikapiga ukelele. "WA USHONAJI! MAMA, NIKO HUKU JUU!"

Watu wananiambia ilisikika hadi barabarani. Mama akainua kichwa. Akanitafuta, akaniona, akaona na nguzo, akakaa chini palepale kwenye nyasi na buibui lake jipya.

"Basi shuka," Mwalimu akasema.

"SIWEZI!" (Sauti ilikuwa imeshafunguka, ikawa haijui kufunga.)

Akavaa mkanda wa pili akapanda mwenyewe, na mvi zake, akanishusha hatua kwa hatua. "Mguu wa kushoto, Asya. Sasa wa kulia, Asya." Kila hatua na jina, kama anayelihesabu.

Chini nikavua ovaroli, na Riziki akanijia. Nilitaka anitukane, ningepumua.

"Ni wewe," akasema. "Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Ukaniambia utaniulizia."

"Ndiyo."

Akachukua ovaroli yake mkononi mwangu, akaikung'uta. Babake akasema kwa upole, "Mwanangu amekaa kwa watu hapa mjini, mtaa wa Kisumu Ndogo, siku tatu, akidhani jina lake limeharibika." Nikawaomba radhi wote wawili, na sauti ikawa imerudi ya paka.

Kwenye tuktuk mama alikaa ameukumbatia mkoba wake mpaka tukapita uwanja wa ndege. Kisha akasema, akiangalia mbele, "Nilikwenda kutazama nguo. Nikaambiwa sina mtoto." Baada ya hapo akanyoosha mkono. "Ilete." Nikafungua begi. Akaipima mikono mmoja juu ya mwingine, akaigeuza, akaipima tena.

"Yote ya kushoto," akasema.

"Ndiyo, mama."

Dukani kile kitambaa kilikuwa kimekwisha. Takaungu mama akaenda na gauni la kijani la Idi iliyopita.

Mkuu wa chuo alinihamishia ushonaji kwa onyo, na Riziki yuko umeme, anapanda ile nguzo kama ngazi ya kwao. Salamu yangu anaitikia, zaidi ya hapo hatujafika na simlaumu. Mimi nimejiapiza kwamba mtu yeyote, awe mwalimu, awe mzee wa miaka mia, akiniita jina lisilo langu nitamwamkia kwanza kwa heshima zote kisha nitamwambia siye mimi. Darasani likiitwa Asya Athman najibu "NIPO!" mpaka mwalimu wa ushonaji anaangusha chaki, na wenzangu wanacheka, na waache wacheke.

Picha ya harusi mama ameitundika sebuleni, mahali pa kuonekana. Wanawake wa ukoo wamejipanga, zambarau na dhahabu kutoka mwanzo hadi mwisho, na katikati mmoja wa kijani. Hakuna mgeni asiyeuliza, "Kwani wewe hukupata sare?" Mama ananywa chai yake, ananiangalia, anangoja.

Nami natoka jikoni, natoa shikamoo, nasema kwa sauti ya kusikika, "Alipata. Niliikata mimi."