Mkono wa Mama Mlangoni mwa Basi

Harufu ya mafuta ya karafuu hunirudisha Ruwi, mtaa wa Maskati, kwenye fleti yetu, nimelala kifudifudi mkekani na Mama ananichua miguu bila huruma hata kidogo. Zamani yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji, huko Ujerumani Mashariki alikozaliwa. Mama yake alikuwa Mjerumani. Baba yake alikuwa Mzanzibari aliyepelekwa kusoma huko enzi za ujamaa, na ndiye Babu tuliyekuwa tukiishi naye.

Mwaka huo nilichaguliwa kwenda kukimbia Dubai na timu ya shule. Wenzangu walishafungasha mapema. Begi langu lilikaa tupu juu ya kabati, na kila nikiliteremsha, Mama alilirudisha.

"Siku ya safari," alisema. Basi.

Nikamwendea Babu, mtu wa maneno mengi na kahawa nyingi. "Babu, Mama hataki niende?"

Akaweka kikombe chini. "Mwache mama'ko, mjukuu wangu. Hilo nnalijua mimi."

Babu, ambaye angeweza kukuhadithia bei ya samaki wa soko la Matrah mpaka kwenye adhana, hakuongeza neno. Niliwanunia wote wawili.

Asubuhi ya safari, gari likiunguruma chini, Mama akatumbukiza kila kitu begini: viatu, halwa ya kuwapa wenyeji, chupa ya mafuta. Kwenye basi hakunikumbatia kama mama wengine. Alisimama mlangoni ameshika chuma, akimtazama kila mtu aliyepita na karatasi mkononi.

"Mama, wacha nifunge, tumechelewa," dereva, Mkenya, akamsihi.

Akaachia. Basi likaondoka, naye akaanza kutembea kando yetu, kisha akakimbia, abaya ikipepea, magoti juu, mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Sikuwahi kumwona akikimbia. Wenzangu walicheka, nami nilitamani ardhi ipasuke.

Mama alikuja kunihadithia baada ya kumzika Babu. Alipokuwa msichana alichaguliwa kwenda kukimbia nchi za Magharibi. Akafungasha siku nyingi kabla, akapanda basi, akakaa dirishani. Akaja mtu na karatasi mkononi, akamwita jina. Babu alikuwa ameshahamia Maskati kwa ndugu zake, baada ya serikali ya huko kumkatalia kuondoka na mkewe na mwanawe, na wakubwa waliogopa binti atamfuata asirudi. Akateremka na begi lake. Hakuchaguliwa tena kwenda nje, na alikuja kumwona baba yake mipaka ilipofunguka.

Kumbe siku ile alikuwa ananilindia kiti changu.

Safari ile, Dubai nilitoka wa mwisho. Nilipiga simu nyumbani nikilia, naye hakuuliza nimekuwa wa ngapi.

"Lakini umekimbia?"

"Nimekimbia, Mama."

Nikamsikia akigeuka. "Baba, amekimbia."

Babu akakohoa kwa muda mrefu. Ndivyo nilivyodhani wakati ule, kwamba anakohoa.