Fundo Lisilo la Mama Eliapenda

Shamba jipya la maua lilipofunguliwa karibu na Maji ya Chai, mimi mwenye aibu nilifanywa msimamizi wa banda la kufungia maua. Nilisimamia wanawake tisa wa rika la mama yangu, na kila asubuhi niliwaamkia mmoja mmoja kabla ya kazi.

Mmoja wao, Mama Eliapenda, alikuwa akichanganya mawaridi marefu na mafupi katika fungu moja. Mwenye shamba aliniambia kwamba mafungu yake yakirudishwa tena na wanunuzi, atafukuzwa. Ningemkosoaje mtu niliyetoka kumpa shikamoo? Basi walipokwenda kunywa chai, nilibaki nikiyafungua mafungu yake, nikayapanga upya na kuyafunga kwa kamba. Wiki nzima sikunywa chai, nikajiona msimamizi hodari.

Ijumaa nilikuwa nimepiga magoti, nimekumbatia mawaridi, nikasikia sauti ya Mama Eliapenda nyuma ya ndoo za maua.

"Nimemshika! Njooni mumwone anayechezea maua yangu!"

Wote wakaingia na vikombe vyao. Nikasema neno pekee lililonijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe! Niliona fundo si langu, nikadhani kuna anayetaka nifukuzwe."

Nikamweleza yote, macho chini. Wenzake walicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka. Alichuchumaa kando yangu.

"Mwanangu, umeshinda na njaa wiki nzima kwa kuogopa kuniambia?" Akachukua ua moja mikononi mwangu. "Haya, bosi. Nionyeshe ninapokosea."

Hakuna aliyewahi kuniita bosi.