Siku Niliyoitikisa Ntinda kwa Filimbi ya Baba

Mkitaka kunicheka, chekeni, maana hata mimi nimeshajicheka mpaka nikachoka. Kuna mama mmoja hapa Kampala, mtu wa umri wa kunizaa, aliwahi kunipigia magoti mbele ya ukumbi uliojaa wazazi akiniita Afande, nami wakati huo nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimetoka kuweka mezani mpini wa dekio uliozungushiwa karatasi ya kung'aa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa kwenye masomo ya sayansi ya siasa.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi naitwa Akello, ni mtoto wa kambi. Baba ni sajenti wa polisi, sisi ni Wacholi wa kaskazini, na kambini kila mlango una kabila lake, kwa hiyo lugha ya kutuunganisha ni Kiswahili, ndicho mama zetu walichotumia kugombania foleni ya maji, na ndicho tulichochezea gwaride utotoni, mmoja kamanda, wengine jeshi, vijiti vya mihogo ndiyo bunduki (kamanda mara nyingi nilikuwa mimi, kwa sababu nina sauti, mama husema sauti yangu ilizaliwa kwanza, mimi nikafuata).

Nilipokuwa kidato cha tano, chuo kimoja cha mtaa wa Ntinda kilitangaza programu ya likizo ya wiki mbili kwa wanafunzi wa sekondari wanaotaka kuonja sayansi ya siasa kabla ya kwenda chuo kikuu. Wengine wote walilipiwa na wazazi wao, ila nafasi moja ilikuwa ya bure, ya mtoto wa askari, nikaandika insha nikaipata, na ikaja na barua yenye sharti moja lililopigiwa mstari: mwenye nafasi hii akivuruga nidhamu atarudi kwao bila cheti, na mwaka utakaofuata nafasi itapelekwa kwingine. Maana yake niliingia pale nimebeba kambi nzima mgongoni, na hasa mdogo wangu Aber, ambaye alishaanza kuhesabu siku mpaka zamu yake. Na cheti kile hakikuwa karatasi ya kufungia mandazi. Mwenye nacho aliandikiwa barua ya kumsaidia kuomba ufadhili wa chuo kikuu, na kwetu bila ufadhili chuo kikuu ni hadithi.

Mwalimu wetu alikuwa Dokta Justine, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, na alitufundisha vitu ambavyo mimi nilivijua tangu utoto bila kujua majina yake: dola, mamlaka, uhalali. Alisema mamlaka ni pale mtu anapokutii kabla hujamgusa. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari nikaiwekea nyota, kwa wino mwekundu, na laiti ningeielewa badala ya kuipamba.

Wenzangu walikuwa watoto wazuri, wa Kiingereza cha puani na Luganda cha nyumbani, lakini Kiswahili kwao ni lugha ya wanajeshi na majambazi. Siku ya kwanza nilimsalimu mlinzi wa lango kwa Kiswahili, na kijana mmoja aitwaye Brian akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, wakacheka wote, nami nikacheka nao (kicheko cha meno tu). Kuanzia hapo Kiswahili changu nikakifungia sandukuni.

Ijumaa ya mwisho ilikuwa siku ya Bunge la mfano, na wazazi walialikwa. Brian akachaguliwa Spika, mimi nikapewa kazi ya mpambe wa Bunge, yule anayemtangulia Spika akiwa amebeba siwa, lile rungu la heshima (letu ndilo ule mpini wa dekio), kwa sababu bila siwa mezani Bunge halijakaa. Dokta Justine alinielekeza vizuri kabisa: mtatokea mwisho wa kibaraza, mtaingia ukumbini, hatua thelathini, basi.

Sasa hapa ndipo nilipojikwaa. Alhamisi tulifanya mazoezi, na wabunge wangu walitembea kama mbuzi wanaopelekwa kuogeshwa, huyu anatafuna, yule anaangalia simu, na damu yangu ya kambini ikachemka. Nikawaambia kesho kila mtu avae suruali ya kaki na viatu vyeusi, nitawafundisha watu kutembea. Asubuhi ya Ijumaa, baba akiwa anapiga pasi suti yake ya pekee ili aje kuniona, nikachukua filimbi yake ya kazi iliyoning'inia msumarini nikaitia mfukoni. Njiani nikawaza tena: hatua thelathini za nini, wakati wazazi wanaingilia lango kubwa? Tukitoka kwa mlango mdogo wa nyuma, tukazunguka kando ya barabara, tukaingia kwa lango kubwa, kila mtu atatuona. Nilimuuliza nani? Sikumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, niliimbishwa hilo tangu darasa la kwanza, lakini siku hiyo nilijiona nimehitimu.

Kando ya ukuta wa chuo, upande wa barabara, ndipo wanapokaa wachuuzi: soksi, vifuniko vya simu, ndizi gonja za kuchoma, ovakado. Kama hamjui, wachuuzi wa namna hii Kampala hukaa sikio moja wazi kutwa nzima, maana askari wa jiji, wakisindikizwa na polisi, hutokea bila salamu na kuondoka na beseni zima. Mimi nilijua. Mtoto wa polisi hawezi kusema hakujua. Lakini kujua jambo na kulikumbuka wakati umeshika siwa ni vitu viwili.

Nikapanga vijana ishirini kwa mistari miwili, wote kaki, Brian katikati na joho jeusi la mahafali ya mama yake, mimi mbele. Nikaivaa filimbi ya baba shingoni, nikapuliza. Halafu lile sanduku likafunguka lenyewe, sauti ikanitoka kwa Kiswahili chote cha gwaride nilichokificha wiki mbili: mguu sawa, mbele tembea, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Nikaona wachuuzi wanasimama, nikafurahi. Nikaona wanainama kukusanya vitu vyao, nikasema moyoni, tazama heshima hiyo, wanatupisha. Kisha wakakimbia. Na mimi (jamani, nisameheni) nikadhani wanawahi langoni kupata mahali pazuri pa kututazama, kwa hiyo nikapuliza kwa nguvu zaidi ili wasikose. Muuza soksi akaruka mtaro. Mwenye gonja akabeba sigiri lake na makaa yakiwa yanawaka, akapita katikati ya magari na moshi nyuma yake. Mwenye duka la simu akashusha mlango wa chuma na wateja wakiwa ndani. Ovakado zikabiringika kwenye lami, magari yakafunga breki, honi kila upande, na mtu mmoja akapiga kelele kwa Luganda kwamba jeshi limeingia. Nilimsikia vizuri. Nikageuka nyuma kutazama hilo jeshi liko wapi.

Tukaingia lango kubwa, mlinzi akatupigia saluti kwa mazoea tu, na tukafika ukumbini tukiwa na vumbi na fahari. Baba alikuwa mstari wa mbele. Macho yake yalianzia usoni kwangu yakitabasamu, yakashuka mpaka kwenye filimbi shingoni, yakabaki hapo. Nikaweka siwa mezani. Brian akakaa kwenye kiti cha Spika, akanyoosha miguu chini ya meza iliyofunikwa kitambaa mpaka sakafuni, na papo hapo akaruka kama aliyekalia siafu.

Kitambaa kikainuka. Akatoka mama mmoja mnene mwenye gauni la gomesi la zambarau, vumbi magotini, ovakado mkono huu na ovakado mkono ule. Baadaye nilimfahamu kwa jina la Nalongo, maana ana mapacha. Alikuwa amekimbia kwa lango kubwa kabla yetu, akaona mlango wazi na wazazi wamegeukia madirishani kusikiliza kelele za nje, akajificha mahali pa kwanza alipopaona, na sasa akainua macho akaniona mimi na filimbi yangu, na kaki ishirini nyuma yangu, akapiga magoti.

“Afande,” akasema, “nisamehe leo tu. Watoto watarara njaa. Beseni chukua, mimi niache.”

Wazazi wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, na baba mmoja nyuma akasema huyu mama anaigiza vizuri kweli. Kisha wakaona machozi, makofi yakafa moja moja. Nami nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, mama inuka, mimi si askari, mimi mwanafunzi.

“Mwanafunzi anasema mguu sawa?” akaniuliza.

Basi tukabaki hivyo, wawili, tunatazamana magotini kama vichaa, yeye hathubutu kuinuka mbele ya serikali, mimi siwezi kuinuka mbele ya mtu mzima, na ovakado zikiwa katikati yetu.

Hapo ndipo mkurugenzi wa programu alipoingia akiwa na mwenye duka la simu, ambaye bado alikuwa na kofuli mkononi. Mkurugenzi ni mtu mrefu anayeongea polepole, na mtu wa aina hiyo akikasirika ni afadhali wa kupiga kelele. Akauliza nani aliwatoa wanafunzi nje. Nikainua mkono. Akaniuliza kama naikumbuka barua yangu, nikasema naikumbuka. Akasema basi unajua la kufanya. Nilimwona Aber mbele ya macho yangu, kesho yake, ananiuliza nafasi iko wapi, na aibu yote ile ya magoti ikawa kitu kidogo. Brian (yuleyule wa kuinua mikono) akasimama na joho lake akasema tulitoka wote, sir, hakuna aliyetuburuta, lakini mkurugenzi hakumtazama.

Dokta Justine ndiye aliyeniokoa mara ya kwanza. Alisema kwa upole kwamba siwa iko mezani, kwa hiyo Bunge limekaa, na Bunge likikaa hatolewi mtu kabla Spika hajasikiliza, na isitoshe tuna mwananchi hapa mwenye malalamiko ya haki. Akamwinua Nalongo kwa mkono, akampa kiti, akampa maji, akamwomba aseme.

Nalongo alisema, mwanzoni kwa kunong'ona, kisha hakuna wa kumzuia. Alichanganya Luganda na Kiswahili chake, akaeleza kwamba anatoka Bwaise kwa miguu kabla jua halijachomoza, kwamba mvua ikinyesha maji huingia ndani mpaka kitandani, kwamba mapacha huwaacha kwa jirani, na kwamba ameshakimbia miaka mingi hata maficho yote ya Ntinda anayajua, choo cha kituo cha mafuta, stoo ya kwaya, ila chini ya meza ya Bunge ilikuwa mara yake ya kwanza. Watu wakacheka naye. Kisha akanyoosha kidole kwenye shingo yangu.

“Serikari iko na firimbi ya kutufukuza,” akasema. “Ya kutuita haina?”

Wiki mbili za mihadhara, na hakuna aliyeuliza swali kama lile. Dokta Justine alivua miwani akaifuta, na mkurugenzi akakaa chini. Nalongo akaona tunamsikiliza, akaongeza kwa mkurugenzi, safari hii kwa heshima: “Na huyu mtoto, ssebo, msimfukuze. Leo tumekimbia wengi. Inatosha.”

Brian akasafisha koo, akawataka wanaoafiki waseme ndiyo, na ukumbi wote ukasema ndiyo, wazazi wakiwemo, mwenye duka la simu akiwemo na kofuli lake. Mkurugenzi akakubali kwa sharti: kabla ya jua kuzama niwe nimemwomba radhi kila mchuuzi na kila duka, mmoja mmoja, ndipo nipewe cheti.

Nilitoka kwenda barabarani kuokota ovakado mtaroni, Brian akabeba beseni, na baba akatufuata na suti yake. Kwanza alinivua filimbi shingoni. Nikasubiri kipigo cha maneno, maana baba yangu akianza kusema hata kuku hutoka nje. Akainama akaokota ovakado iliyopasuka, akaifuta kwa mkono wa koti.

“Nimewafukuza hawa watu miaka yote,” akasema. “Sikuwahi kujua wanakimbilia wapi.”

Tulizunguka pamoja hadi jioni, mimi nikisalimu kwa Luganda changu kibovu na Kiswahili changu kizuri, na watu wale, ambao walikuwa na haki zote za kunitukana, walinipokea. Mwenye gonja alicheka mpaka akajishika kiuno, akanipa gonja ya moto, akaniambia sauti hiyo nikatangazie mpira.

Cheti nilikipata, barua nikaandikiwa, na sasa niko mwaka wa pili wa sayansi ya siasa. Aber alipata nafasi ile mwaka uliofuata, na nilimuapisha kwamba hatatoka nje ya kibaraza. Namshukuru Dokta Justine, namshukuru hata Brian, lakini nikilala nikiamka namshukuru yule mama, kwa sababu nilimtia hofu mpaka akaingia chini ya meza, naye alipotoka hapo jambo alilofanya ni kunitetea.

Basi nimeapa, na mko hapa mashahidi, kwamba katika maisha yangu sitamwamrisha mtu ambaye sijamsalimu kwanza. Kila nikipita Ntinda nashika upande ule wa ukuta makusudi. Nalongo akiniona kwa mbali hukamata beseni lake, hujiinua nusu kama anayetaka kutimka, na kuwatangazia wenzake kwamba Afande amekuja, na safu nzima hupasuka kwa kicheko, nami huona aibu upya mbele ya wapita njia. Nikimfikia napiga magoti kumsalimu kama desturi inavyotaka, naye huniuliza habari za baba, za mama, za Aber, za masomo, za kambi nzima, taratibu, bila haraka yoyote ya kuniambia niinuke.