Maua ya Mwambani

Jumapili iliyopita nilikwenda kitongoji cha Apple Valley kwa dada yangu, ndugu msomaji, theluji ikiwa magotini, nikakuta nimewekewa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mpwa wangu, binti anayekielewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, alikuwa amenunua ua kwenye chungu kidogo. Alisoma mahali kwamba Wazungu tangu zamani wana ua la kila mwezi, na kwamba sisi wa Februari letu ni urujuani, maana yake uaminifu na unyenyekevu. Dada yangu alicheka aliposikia unyenyekevu.

Lakini binti mwenyewe alikuwa amenuna. Baada ya kulipa ndipo alipogundua kuwa urujuani wa Februari ni mwingine, wa Ulaya. Hili lake, liitwalo urujuani wa Afrika, limeazima jina tu. Alitaka kulirudisha dukani. Mimi nilikuwa nimeshaligusa lile jani nene lenye manyoya, na vidole vikalitambua kabla ya kichwa.

Kwetu Usambara maua haya yaliota yenyewe kwenye mwamba, pale kijitoni tulipochota maji mimi na bibi kila alfajiri. Mwamba ulitiririka maji mwaka mzima, na njia nzima ilinukia iliki na moshi wa kuni mbichi. Bibi alikuwa na goti bovu, mteremko ule hakuuweza bila kunishika bega. Aliniita mkongojo wake. Nikimharakisha alikuwa akisema maji hayana haraka, mwenye haraka ni kiu. Tukirudi, kulikuwa na chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha, na mimi nilipewa kipande cha katikati.

Kisha mwalimu akaja kuandikisha watoto. Waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wangeanza shule, wa mwishoni wangengoja mwaka mzima mwingine. Rafiki zangu wote walikuwa wameshaandikwa. Mwaka wangu bibi aliujua, mwezi hakuujua. Alichojua ni kwamba asubuhi niliyozaliwa maua ya mwambani yalikuwa yamechanua. Mwalimu, mtu wa Dodoma, hakuwahi kuyaona, akaomba apelekwe. Tukashuka watatu. Ilikuwa Novemba, na mwamba wote ulikuwa zambarau.

"Mama, mbona yamechanua sasa hivi?" mwalimu akamuuliza bibi.

"Yamechanua, mwanangu."

"Na mwezi wa nne?"

"Huchanua."

"Wa nane je?"

"Hupungua. Ila hayakosekani."

"Sasa huyu alizaliwa lini?"

Bibi aliifudikiza ndoo aliyoshuka nayo, akaikalia, akalinyoosha goti lake. "Msomi ni wewe, mwalimu. Chagua mwezi utakaomwingiza darasani."

Mwalimu alicheka mpaka akajishikilia mwambani. Akaandika Februari. Alisema ndio mwezi aliozaliwa yeye, haujamdhuru mpaka leo.

Siku ya kwanza ya shule nilikuwa na kaptula mpya iliyonifika magotini, na kelele nyingi. Nilipogeuka pale juu barabarani nilimwona bibi akiteremka peke yake, akisimama kila penye jiwe. Mkongojo wake alikuwa amempa mwalimu. Mimi nilimpungia mkono kwa furaha, kama mtoto.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Tanga, Dar, Houston, sasa chumba cha kupanga mtaa wa Phillips. Hata ua lile lilinitangulia kusafiri: Mjerumani mmoja wa enzi za ukoloni alipeleka mbegu kwao, na leo limejaa kwenye madirisha ya watu ambao Usambara hawaijui.

Nilimwambia mpwa wangu asilirudishe. Februari yangu nayo ni ya kuazima, kwa hiyo mimi na ua hili tunalingana. Alicheka, kisha, kwa Kiswahili safi, akasema: "Anko, unipeleke nikauone huo mwamba."

Nikalisogeza lile ua dirishani, penye mwanga. Nilipokwenda Usambara kumzika bibi nilikuta bomba uani, maji yakitoka kwa kufungua tu, na nikatamani bomba lile lingekuja wakati goti lake bado linateremka. Njia ya kijitoni ilikuwa imefunikwa na vichaka. Niliwauliza vijana wa pale kama maua bado yapo. Wakatazamana, wakaniuliza, kwa heshima zote, maua gani.