Saa Alizokataa Kuzihesabu

Nikiulizwa kazi yangu na nikijibu kwamba mimi ni mchumi wa afya chuoni, watu hunitazama wakidhani nauza dawa. Siuzi kitu. Madaktari wanapojaribu tiba mpya, wao huangalia kama mgonjwa amepona, na mimi huangalia kupona huko kumemgharimu nani na nini. Wakati huo tulikuwa tukijaribu njia mbili za kuwatunza watu waliopatwa na kiharusi. Kwa kura, wengine walibaki hospitalini mpaka daktari aridhike, na wengine waliruhusiwa mapema, muuguzi akawa anawatembelea nyumbani mara moja kwa wiki. Mimi nilipewa hao wa nyumbani, nihesabu saa ambazo jamaa zao wanatumia kuwauguza.

Kila nyumba niliiachia daftari. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa una vijisanduku vya nusu saa. Ukimwogesha mgonjwa, unatia alama. Ukimlisha, unatia nyingine. Baada ya wiki nne narudi, naketi na yule anayeuguza, tunajumlisha, kisha naingiza jumla kwenye tableti. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo na nilijijua. Mikutanoni mkuu wa utafiti aliwaonyesha wenzangu fomu zangu kwa sababu hazikuwa na pengo hata moja, nami nilikaa pale kichwa kikinivimba.

Kulikuwa na sheria moja ambayo familia hazikuijua. Nyumba ambayo saa zake zilipita kiasi fulani kwa wiki ilipelekewa msaidizi, mwanamke wa makamo aliyefunzwa, aje asubuhi tatu kila wiki. Tulikatazwa kuitaja sheria hiyo, watu wasije wakaongeza alama ili wampate. Niliiona ni busara. Hata leo sijui ningeiandika vipi vingine.

Nyumba ninayoikumbuka kuliko zote iko Mji wa Kale, si mbali na nilikolelewa. Mgonjwa alikuwa ghorofani, mama wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akishona kofia. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yamemwishia ila mawili matatu. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Aliyemuuguza ni bintiye wa pekee, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Baba alikwisha kufariki zamani. Ofisi ilikuwa imempa binti ruhusa ya miezi mitatu, na ilikuwa tayari kumpokea tena hata kwa asubuhi tatu tu kwa wiki. Asipopata mtu wa kukaa na mamake hizo asubuhi, kiti chake angepewa mwingine. Aliniambia hayo siku ya kwanza, huku akinimiminia chai, wala hakuniomba kitu.

Wiki nne zikapita, nikarudi. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana hali za nyumbani, kisha nikamwamkia mama, naye akaniitikia kwa kufumba jicho. Daftari nililikuta juu ya meza, jeupe vile vile nilivyoliacha.

"Hukupata wasaa wa kuandika, dadangu?"

"Wasaa nilikuwa nao."

"Basi tukumbuke pamoja. Kumwogesha, kwa mfano, kulikuchukua muda gani?"

Alimtazama mamake kwanza. "Huyu ni mamangu," akasema taratibu. "N'kikaa hapa n'kamhesabia saa, na yeye yuwasikia, hayo si masimango?"

Sikuwa mgeni wa neno hilo. Kwetu, mtu akishakumbushwa wema aliotendewa, hata tonge alilokwisha kulimeza humkereketa. Sasa kumhesabia mama aliyekuzaa, mbele ya macho yake, naye hana ulimi wa kujibu? Hata mimi nisingeweza.

"N'andikie hakuna," akasema. "Mimi hapa sifanyi kazi. Nakaa na mamangu."

Na muda wote huo hakukaa. Alimgeuza mamake, akamtolea shuka iliyolowa, akamtandikia nyingine. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akingoja kila kimoja kimezwe. Bomba lilikuwa chini, kwa hiyo alishuka na ndoo na kupanda nayo, mara mbili, akihema. Mimi nilikuwa nimekaa kitini na tableti yangu mapajani.

Fomu ilinipa njia tatu: niandike idadi ya saa, niandike sifuri, au nichague "hakujibu." Nikichagua hiyo ya tatu, mkuu humtuma muuguzi akashinde pale siku nzima, akadirie kwa macho yake bila ya kumuuliza mtu. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama binti yule hasa. Lakini "hakujibu" huhesabiwa kuwa pengo, na mimi sikuwa na mapengo. Nikaandika sifuri. Nilijiambia kwamba amesema hakuna, na hakuna ni sifuri, na mtafiti mwaminifu huandika alichoambiwa. Nilipofika Marikiti nilinunua ndizi na limau, na habari ile ikanitoka kichwani.

Mara ya pili alikuwa amekonda, na amejifunga leso kiunoni kwa nguvu kwa ajili ya mgongo. Aliniuliza kama simjui mtu mwaminifu wa kukaa na mamake asubuhi, hata siku moja moja. Jirani wa chini alikuwa na watoto wake, na wengine kila mmoja alikuwa na udhuru. Nilikuwa namjua mtu huyo, yule msaidizi wetu. Nilikuwa na nambari yake ya simu. Nikamjibu kwamba nitaulizia, kisha nikamuuliza saa zake, akasema hakuna, nikaandika sifuri ya pili.

Ruhusa yake ilipokaribia kwisha, alikwenda Kilindini asubuhi moja kuomba aongezewe mwezi. Jirani aliahidi kupanda kukaa na mgonjwa, lakini mwanawe alishikwa na homa, akachelewa. Mama alibanwa na haja. Nadhani hakutaka kuichafua shuka ambayo binti alikuwa ametoka tu kuitandika. Alijaribu kushuka kitandani peke yake, akaanguka, akavunjika nyonga. Hakumaliza wiki.

Niliambiwa na muuguzi wetu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu, nikamwomba anifungulie fomu zile mbili nizibadilishe. Akaniuliza yule binti mwenyewe alisema nini.

"Alisema hakuna."

"Basi uliandika sawa," akasema, akaendelea na kazi yake.

Kesho yake nilikwenda matangani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikusudia kumweleza binti yote, sheria ile, msaidizi, na njia ya tatu niliyoiacha, kisha aniseme atakavyo. Juu kulijaa wanawake. Nilimpa mkono, nikasema, "Makiwa," akaitikia, "Tunayo." Halafu akanivuta chumba cha pili, tukaketi kwenye mkeka.

Aliniwahi kusema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nataka kukushukuru."

Nikamuuliza kwa lipi.

"Nasikia wengine huwakazania watu mpaka wapate hesabu yao. Wewe hukun'lazimisha. Kila n'kisema hakuna, nawe ukaandika, mamangu alikuwa yuwatabasamu kwa ule upande wake mmoja. Hukumuona kwa sababu ulikuwa umeinama." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Umen'sitiri, dadangu. Amekufa hajui kuwa nilikuwa nachoka."

Maneno niliyoyapanga yalikuwa pale pale mdomoni. Niliwaza kwamba nikiyasema nitamnyang'anya hata hicho kidogo alichobaki nacho. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni sababu nzuri. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake utakavyobadilika. Nililia kwa sauti, na yeye, mfiwa, akawa ananibembeleza mimi, akiniambia nisijitese, nilifanya wema. Mpaka leo sijamwambia.