Uso Aliopewa Asiyekuwapo

Filamu iliyotokana na katuni za Kassian ilionyeshwa Jumapili tatu mfululizo: kwanza Nachingwea mjini, kisha Nkowe, na mwisho katika ukumbi wa kigango kimoja upande wa Marambo. Kote ilikuta viti vitupu. Dar es Salaam nako, tunaambiwa, haikudumu wiki mbili. Kampuni iliyoitengeneza imetoa sababu zake: mvua ziliwahi, mabango yalichelewa, watu siku hizi hutazama kila kitu katika simu. Sababu hizo si za uongo, ila mvua hizo hizo hazikuwazuia watu wa Nkowe kujaa uwanjani siku ya mpira. Mimi ni padri; nilimfundisha Kassian Kilatini na falsafa alipokuwa mseminari, na miaka mingi baadaye nilimzika mkewe. Yaliyompata nimeyasikia kwake mwenyewe na kwa wale waliokuwapo. Nayaandika kwa kuwa watu wanacheka kushindwa kwa filamu ile kana kwamba habari inaishia hapo.

Kassian ni mchora mabango anayeishi Marambo. Majina ya maduka, saluni na maghala utakayoyasoma kati ya Nachingwea na Ruangwa, mengi yametoka katika mkono wake. Mkewe alifariki mwezi Machi, barabara ikiwa tope tupu, na gari lililokodiwa kubeba jeneza likakwama kabla ya kufika. Waombolezaji walikuwa wanashauriana kulibeba mabegani ndipo alipotokea Mabula, mfugaji aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Ziwa mwaka huo huo, mtu ambaye hapakuwa na aliyejua hata jina lake. Alifunga madume wanne kwenye mkokoteni wake, akafikisha jeneza makaburini, akasimama nyuma mpaka sala ya mwisho, akaondoka. Tangu siku hiyo Kassian humwita ndugu yangu, na Eliza, mke wa Mabula, humpelekea maziwa kila asubuhi.

Katuni zake alizianza katika upweke wa ujane. Alizipa jina la Binti wa Dungu. Zilimhusu msichana anayelinda ufuta wa wazazi wake dhidi ya nguruwe pori, akiwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la walinzi, katikati ya shamba. Na kila toleo, baada ya nguruwe, alikuja adui mwingine aitwaye Asiyekuwapo. Huyo Kassian hakumchora kamwe. Aliijaza karatasi wino mweusi, majani, miti, mawingu, na pale aliposimama adui aliacha karatasi nyeupe. Nilipomuuliza, alinikumbusha somo nililomfundisha mwenyewe: kwamba wanafalsafa wa kale waliomcha Mungu walishikilia kuwa ubaya hauna nafsi yake, kwa maana Mwenyezi Mungu hakuumba kitu kibaya; ubaya ni pale wema ulipopaswa kuwapo na haupo. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa miaka thelathini, na sikuwahi kulielewa kama nilivyolielewa siku hiyo mbele ya karatasi yake.

Vitabu hivyo vilitolewa nakala katika duka la vifaa vya shule, navyo vikasafiri kwa bodaboda hadi Chinongwe na Nkowe. Huko viliazimishwa na Bertila, mjane auzaye dagaa sokoni, mwenye ulimi mwepesi kwa kila mtu na kimya kizito kwa siri za watu. Wasomaji walizua desturi yao wenyewe. Kila aliyeazima kitabu alichukua penseli na kuchora, katika ule weupe, kitu anachokiogopa. Mmoja alichora mizani ya korosho ikikandamizwa kwa kidole. Mwingine alichora kitanda tu, kitanda cha hospitali. Mwanamke mmoja alichora kofia, na Bertila aliitambua kofia hiyo, maana mwenye nayo alinunua dagaa kwake jana yake. Kitabu kiliporudi, Bertila alitoa ufutio mfukoni mwa aproni, akafuta, akapuliza unga, akampa anayefuata. Karatasi zilikwisha kuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na watu hawakuchoka.

Gidioni, mtengeneza filamu kutoka Dar es Salaam, alikuta nakala moja kwa abiria mwenzake ndani ya basi. Alifika Nachingwea na mkataba. Si mtu mbaya, napenda lieleweke hilo. Alikipenda kitabu kwa dhati, na alimstahi mwenye kitabu. Alijaribu hata kuutia ule weupe katika filamu kwa njia ya mwanga, lakini waliouona walidhani mashine imeharibika. Kassian alitia sahihi bila kudai kuona kazi kabla haijatoka. Alidhani kwamba waliokisoma kitabu wamekielewa.

Bango la filamu lilibandikwa Marambo wiki moja baada ya ng'ombe wa Mabula kuingia katika mbaazi za Modest, jirani yake. Wawili hao walikwisha kumalizana; Mabula alitoa ndama, Modest akampokea, wakapeana mikono. Lakini serikali ya kijiji ilikuwa imepata ajenda. Iliitisha mkutano mkuu Jumatano itakayofuata Jumapili ya tatu ya filamu, wananchi waamue kama familia ya Mabula ibaki au ihame. Na katika bango, nyuma ya msichana aliye juu ya dungu, alisimama Asiyekuwapo akiwa na uso. Alivaa shuka begani na kofia pana, ameshika fimbo ndefu, na nyuma yake walionekana ng'ombe.

Hapakupita siku mbili, binti mdogo wa Mabula alirudi kisimani na ndoo isiyo na maji. Wenzake walikuwa wamempisha wote kwa pamoja, bila kumgusa wala kumtukana, wakarudi nyuma hatua kadhaa kama watu wanaompisha nyoka, na mmoja akataja lile jina. Miaka mitano jina hilo lilikuwa limezunguka tarafa nzima bila kumtua mtu. Sasa lilikuwa limepata pa kutua.

Kassian alipanda bodaboda hadi Ruangwa, ambako Gidioni alikuwa amepanga chumba, akamwomba akate sehemu zile.

"Mzee wangu," Gidioni alimjibu, "kamera haipigi kitu ambacho hakipo. Ilibidi awe mtu."

"Kwa nini awe mtu huyu?"

Gidioni alifikiri kwa haki kabisa kabla ya kujibu. "Tulitafuta mgeni. Ukimwonyesha mtu kavaa vile, huku watu wanaelewa haraka. Hakuna haja ya maelezo."

Kassian aliaga. Aliniambia kwamba njiani kurudi alihesabu mabango matano, na kwamba katika mawili kati ya hayo mtu alikuwa amemtoboa macho yule mchunga ng'ombe kwa msumari.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mabula na kumweleza kila kitu, kwamba jina ni lake, hadithi ni yake, sahihi ni yake. Alimwomba amsamehe. Mabula alikuwa akimkamua ng'ombe mwenye teke, hakuinua kichwa.

"Watoto wanalipa nusu?" aliuliza.

Kassian alidhani hakusikia vizuri.

"Nauliza kiingilio, ndugu yangu. Nikipewa sifa zote hizo, si nikajione?"

Eliza alicheka akiwa mlangoni, kisha akaacha kucheka, akawaita watoto ndani ijapokuwa jua lilikuwa bado liko juu.

Jumapili ilifika. Misa ilikwisha saa tano, na filamu ilipangwa kuanza saa nane mchana, madirisha ya ukumbi yakiwa yamefunikwa kwa maturubai. Kassian alikuwa amekaa wiki nzima akiomba jambo ambalo hakuna mwandishi anayeliomba: kazi yake ikose watu. Na alipotoka nje saa nane kasorobo, aliona kwamba amesikilizwa. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeuendea. Ng'ambo ya barabara walisimama waumini wapatao arobaini, bado katika nguo zao za Misa. Hawakuingia, wala hawakwenda nyumbani. Walikuwa wanautazama mlango waone nani ataingia.

Alivuka barabara akamwendea Bertila, aliyekuja kutoka Nkowe kumsalimu dada yake, akamuuliza kwa nini hata yeye, aliyeishi na kitabu kile, amebaki nje.

"Kaka Kassian, kitabu nilikisoma na hofu yangu mwenyewe," alisema. "Nikimaliza nafuta. Humo ndani hofu ni moja, wametuchagulia, na tunatakiwa tuiogope pamoja huku tunatazamana. Asubuhi nimenywa chai ya maziwa ya Eliza. Alasiri nimpigie makofi mtu anayemuua mumewe? Mimi aibu hiyo siiwezi."

Kassian aliniambia kwamba hapo alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu bango libandikwe. Nami naamini maneno ya mwanamke yule ndiyo jibu kamili kwa kampuni ile. Watu walikipenda kitabu kwa sababu kilimwachia kila mmoja mahali pa kuuweka ubaya anaoujua yeye, hata ule uliomo nyumbani mwake. Filamu iliwanyang'anya mahali hapo ikawapa jirani. Nani atakata tiketi ili akaonekane akifurahia kifo cha jirani?

Lakini wepesi wake haukudumu. Alimwona Modest amesimama nyuma ya wengine na kumwendea.

"Mimi na Mabula tulimalizana," Modest alisema kabla hajaulizwa. "Nikiingia watasema nimekuja kushangilia."

"Vizuri. Basi Jumatano utasimama uwaambie kwamba mlimalizana?"

Modest alitazama viatu vyake. "Jumatano ni mbali, kaka," alisema.

Wakati huo huo watu wote arobaini waligeuka. Mabula alikuwa anakuja barabarani na jamaa yake yote, watu tisa, wameoga, wamevaa vizuri, yeye mwenyewe akiwa na shuka begani na kofia yake pana, maana hana nguo nyingine ya heshima. Walipita kati ya ukumbi na umati, wakaingia. Kassian aliwafuata. Gidioni, aliyekuja mwenyewe kuionyesha filamu, aliwasha mashine kwa uso uliobadilika.

Walikaa benchi la mbele. Filamu ilikwenda saa moja na nusu. Waliona mtu aliyevaa kama baba yao akichoma mashamba, akitia sumu kisima, akimnyemelea msichana wa dungu. Wakaona wanakijiji wa filamu wakimzunguka na mapanga. Eliza aliwafunika watoto wawili wadogo macho kwa kanga. Wale wakubwa walitazama mpaka mwisho. Taa zilipowashwa Mabula alisimama, akamshika Kassian mkono.

"Yule bwana hajawahi kuchunga hata mbuzi," alisema. "Fimbo ameishika kama mwiko."

Watoto walicheka. Mabula akangoja wanyamaze, akaongeza kwa sauti ya chini:

"Halafu wamemuua, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jambo."

Nje, umati ulikuwa bado upo. Uliwapisha.

Yapo mambo mawili yaliyotokea kati ya siku hiyo na Jumatano, nayo nayaandika bila kuyaeleza. Eliza alitembeza maziwa Jumatatu asubuhi, na nyumba sita zilizozoea kununua zilimwambia kwa upole kwamba leo hawahitaji. Na zizi la Mabula lilikutwa limefunguliwa alfajiri ya Jumanne, ng'ombe wote wakiwa ndani, hakuna aliyeibwa. Mtu alikuwa amefungua tu, akaondoka.

Watu walioshindwa kuujaza ukumbi Jumapili waliujaza uwanja wa ofisi ya kijiji Jumatano. Wengine walikaa juu ya baiskeli zao kwa kukosa nafasi. Mwenyekiti, Masoudi, mtu mwadilifu katika mambo ya taratibu, aliisoma ajenda, akauliza kama kuna mwenye malalamiko dhidi ya familia ya Mabula. Hakuna aliyejitokeza. Akauliza kama kuna mwenye neno la kuitetea. Kassian alisimama na kusema habari ya jeneza, na ya maziwa, na ya ndama aliyepokewa kwa mikono miwili. Alimtaja Modest kwa jina na kumgeukia. Modest alikuwa amekaa safu ya tatu, ameinama, anafunga kamba ya kiatu.

Masoudi aliita kura. Wanaotaka familia ihame, wanyooshe mikono. Mikono mitatu ilipanda, nayo ya watu ambao Kassian hakuwahi kugombana nao. Wanaotaka ibaki. Ulipanda mmoja, wa Kassian. Bertila si mwananchi wa kijiji kile. Alikuwa nyuma kabisa, na wanasema aliuinua wake nao, ukakataliwa kwa mujibu wa sheria. Mikono mingine yote, zaidi ya mia tatu, ilibaki magotini. Masoudi alitangaza kwamba kwa kura tatu dhidi ya moja uamuzi umepita, na familia ipewe siku saba.

Mabula alisimama, akavaa kofia yake, akamshukuru mwenyekiti kwa kumsikiliza, ingawa hakuwa amepewa nafasi ya kusema. Akasema siku saba ni nyingi, mbili zitamtosha. Alipotoka, njia ilifunguka mbele yake bila mtu kuombwa kusogea.

Masoudi alifunua ukurasa. Akasoma ajenda ya pili, familia mbili za wafugaji zilizopiga kambi kwenye mpaka wa kijiji, karibu na njia ya Chinongwe, ambazo hazikuwa na kosa lililoandikwa popote. Akawaita wanaotaka zihame wanyooshe mikono. Kassian, aliyekuwa bado amesimama, aligeuka kuwatazama watu. Safari hii mikono iliyopanda ilikuwa mingi, na wa Modest ulikuwa miongoni mwayo.