Shuka Zenye Ziwa na Bahari

Mwaka 2005 mtu aliyetamani kuona kwao alikwenda chumbani kwa Abubakari, huku Uarabuni tulikokuja kutafuta kazi, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akaketi akasimulia mpaka picha ikatoka. Siku hizi anachomoa simu, anatazama huku akipiga miayo, na hajui hata jirani yake wa kitanda anatoka wapi.

Abubakari alizaliwa Pangani, na kuchora alijifundisha mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kufua shuka za hoteli. Zilizochakaa alipewa azitupe. Yeye alizipaka gundi, akazitandaza ukutani, akachora juu yake bahari na milima ya watu. Sharti lake lilikuwa moja: mwenye kwao arudi Ijumaa inayofuata aikosoe.

Jerusha, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Homa Bay, aliitazama picha ya kwao akacheka.

"Wee Abu, hii ni ziwa ama ni swimming pool ya madam?"

"Maji si maji, dada?"

"Yetu iko na matope. Na magugu umepeleka wapi, umekula?"

Abubakari akaifuta, akaanza upya, akafuta tena. Ilipokamilika, Jerusha hakucheka. Alifunika uso kwa mtandio.

Abubakari alitaka jambo moja tu maishani: picha zake zitundikwe pamoja, mahali watu wanapopita. Mwaka 2012 meneja wake akamwahidi ukuta katika tawi jipya la hoteli lililokuwa likimaliziwa kwenye kisiwa cha The Pearl. Mimi na yeye tukaziazima kwa wenyewe waliokuwa wamezichukua, nami nikazipeleka kwa gari langu.

"Taratibu, Mzee Athumani," Abubakari aliniambia njiani. "Umebeba makwao ya watu."

Kabla hazijatundikwa, meneja akahamishwa. Tulipokwenda kuuliza, msimamizi mpya alitutokea mlangoni na shuka moja mkononi, kidole juu ya muhuri wa hoteli uliokuwa pembeni.

"Hii ni mali yetu."

"Geuza upande wa pili, bosi," Abubakari alimwambia.

"Nimeuona. Mmezichafua."

Mtu mwenye macho mawili na tai shingoni! Nilitaka kumzaba kofi, na mpaka leo nataka.

Abubakari alimpita, akaingia ukumbini, nami nyuma yake. Ndipo nilipoziona kwa mara ya mwisho: zimetandazwa sakafuni, chini ya ngazi ya mafundi rangi, kukinga matone. Akapiga magoti, akaanza kufuta rangi nyeupe kwenye magugu ya Jerusha kwa mkono wa shati lake. Fundi akamwomba, kwa upole kabisa, apishe kidogo wasogeze ngazi.